Shule ya Sheria Iliyofunguliwa Haraka kwa Ajili ya Dada Mmoja

Wasee, msimu wa barua ndio huu. Marafiki zangu kadhaa wamepata nafasi za kusoma uzamili Marekani, na kuna wale barua zao zinasema waanze muhula wa machipuko. Jina tamu, lakini lisikudanganye: muhula huo huanza Januari, watu bado wamevaa makoti mazito. Halafu kila mtu anakuwa mshauri. "Si ungoje tu Agosti uanze na wenzako?" Ati kungoja ni kitu kidogo. Mimi nikisikia hivyo namkumbuka Ada Lois Sipuel.

Ada alizaliwa mwaka wa 1924 huko Chickasha, jimbo la Oklahoma. Baba yake alikuwa askofu. Alimaliza digrii ya kwanza mwaka wa 1945 katika Chuo cha Langston, chuo cha watu weusi, na alifaulu vizuri sana. Alichotaka ni sheria, ambayo Marekani husomwa baada ya digrii ya kwanza, si kama hapa kwetu unapoingia moja kwa moja kutoka sekondari. Shida ni kwamba jimbo lilikuwa na shule moja tu ya sheria ya umma, ndani ya Chuo Kikuu cha Oklahoma mjini Norman, na ilikuwa ya wazungu peke yao. Hata msimamizi aliyethubutu kumpokea mwanafunzi mweusi angetozwa faini kwa kila siku iliyopita. Mwanafunzi mzungu aliyekubali kukaa naye darasani, faini pia. Manze, mtu alikaa chini akaandika hiyo sheria na bado akalala vizuri usiku.

Tarehe 14 Januari 1946 Ada alienda Norman kupeleka maombi yake. Rais wa chuo, George Lynn Cross, hakuzungukazunguka. Alikubali kuandika barua kwamba masomo yake yanatosha na kilichomfungia mlango ni rangi tu. Hiyo barua ilikuwa dhahabu, maana kesi ilisimama juu yake. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall.

Mahakama za Oklahoma zilimkatalia. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 12 Januari 1948 majaji wakaamua: jimbo lazima limpe Ada elimu ya sheria, tena mapema kama linavyowapa waombaji wengine wote. Angalia kalenda sasa. Muhula wa pili ulikuwa mlangoni. Kwa akili ya kawaida, dada angejisajili na kuanza, sivyo?

Kalenda ileile ndiyo waliyoigeuza silaha. Kabla Januari haijaisha, jimbo lilikuwa limeanzisha "Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Langston". Usifikirie majengo. Ilikuwa ni vyumba vichache ndani ya jumba la bunge la jimbo pale Oklahoma City, na walimu 3. Basi. Wakamwambia: haya, si ulitaka kuanza muhula huu? Shule ndiyo hii. Sisi Wakenya tumeona kampasi zikifunguliwa juu ya supamaketi, lakini hii ilikuwa kiwango kingine.

Ada alikataa. Na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu kukataa kulimaanisha kupoteza muhula ambao mahakama kuu ya nchi ilikuwa imempa. Alikuwa ameshangoja miaka 2. Angeingia kwenye vile vyumba, jimbo lingesema tumetimiza, na kila mtu mweusi aliyemfuata angeelekezwa hapohapo. Kule Norman nako, wanafunzi wazungu kama elfu moja walikuwa wamekusanyika kupinga uamuzi huo kuwa haujampa Ada haki kamili. Waliichoma nakala ya Marekebisho ya 14 ya katiba, yale yanayoahidi usawa mbele ya sheria, na majivu yakatumwa kwa Rais Truman. Umri wetu hao.

Januari hiyohiyo watu weusi 6 waliomba kuingia masomo ya juu kwenye chuo kilekile cha Norman. Mmoja alikuwa George McLaurin, mwalimu aliyekuwa na shahada ya uzamili tayari, akitaka uzamivu wa elimu. Alikataliwa, akaenda mahakamani, akaingia Oktoba 1948. Lakini aliwekwa kwenye kijichumba pembeni mwa darasa, akasikilize mhadhara kutoka huko. Maktaba, meza yake peke yake. Chakula, saa yake peke yake. Kesi yake ilisikizwa tena hadi juu, na Juni 1950 Mahakama ya Juu ikasema huko si kusoma sawa na wengine.

Ada mwenyewe aliingia Norman tarehe 18 Juni 1949. Miaka 3 na miezi 5. Kiti chake kilikuwa nyuma ya darasa, na bango la kuonyesha ni cha watu weusi. Ile shule ya vyumba vichache ikafungwa mwezi huohuo.

Wakili wake unamjua bila kujua. Januari 1960, viongozi wetu walipoenda London kwenye mazungumzo ya katiba pale Lancaster House, Marshall alikuwa mshauri wao, na aliandika rasimu ya haki za msingi. Kichekesho ni kwamba kichwa kilimuuma sana kuhusu jinsi ya kulinda wachache nchini Kenya, na hao wachache walikuwemo wazungu wenye mashamba. Miaka 12 tu kabla, alikuwa akimtafutia Ada kiti.

Mwaka wa 1992 Ada aliteuliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa bodi inayosimamia Chuo Kikuu cha Oklahoma. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyoandikwa kama mshtakiwa kwenye kesi yake.