Kuvuka Maji Kufuata Shoo: Unadhani K-pop Ndiyo Imeanzisha? Bibi Zetu Walianza Zamani

Kuna binti mmoja wa Katesh, jina kapuni, ambaye simu yake imejaa vijana saba wa Seoul. Anajua tarehe zao za kuzaliwa kuliko anavyojua za binamu zake. Mwaka juzi alipomwambia mama yake kwamba hela yake ya alizeti anataka aende nayo Unguja kwenye tamasha la muziki, mama aliacha kupepeta akamtazama.

"Mwanangu, uvuke bahari kwa ajili ya nyimbo? Redio si ipo?"

Wengi wetu tumewahi kuulizwa swali hilo kwa namna moja au nyingine. Na wengi tunalijibu vibaya, tunasema "mama huelewi, dunia imebadilika." Sasa leo tuongee ukweli, maana historia inasema hiyo dunia haijabadilika kiasi hicho. Watu wa huku kwetu wamekuwa wakipanda vyombo na kuvuka maji kwa ajili ya muziki tangu kabla Korea haijawa na hata redio.

Kwanza, kwa nini Unguja na si Seoul?

Jibu fupi ni mkwanja. Shabiki wa BTS aliyeko Manyara akitaka kuwaona laivu, ramani inamchekesha. Juni 2019 walijaza Wembley kule London siku mbili mfululizo. Oktoba mwaka huohuo wakapiga kwenye uwanja wa King Fahd, Riyadh. Riyadh ndiyo karibu yenyewe hiyo! Pasi ya kusafiria, viza, ndege, hoteli, tiketi. Kwa mtu anayehesabu debe za alizeti, hapo hakuna hesabu ya kufanya.

Binti wetu alifikiri tofauti kidogo. Kama kundi lake haliji, basi angalau ajue shoo ya laivu ni kitu gani: kusimama katikati ya watu elfu usiowajua, wote mnaimba kitu kimoja. Na kwa Mtanzania, pa kwenda kwa jambo hilo pako ng'ambo ya maji. Sauti za Busara ilianza Februari 2004 pale Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe, ile ngome waliyoijenga Waomani walipomaliza kumfukuza Mreno mwishoni mwa karne ya 17. Muziki ni wa laivu, hakuna kuchezesha midomo juu ya CD. Wasanii wanatoka pande zote za Afrika, na Mtanzania analipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Msidhani lakini ni kitu cha uhakika kama jua: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa pesa. Kwa hiyo ukisema "nitaenda mwaka ujao", huo mwaka ujao nao una masharti yake.

Kisiwa kilichokuwa kinavuta watu

Turudi nyuma. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri mpaka akamtuma mtu, Mohamed Ibrahim, aende Cairo akajifunze kuupiga. Fikiria: intaneti hakuna, santuri hakuna, ukitaka sauti mpya lazima mtu apande meli akailete kichwani na mikononi. Kutokana na mbegu hiyo ikaota taarab ya Unguja. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na kiko hai hadi leo. Kimezipita bendi zote unazozijua kwa umri.

Kisha akaja mwanamke aliyeigeuza meza. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, familia ya watumwa, kazi yake kufinyanga na kuuza vyungu. Hakuwa na jina wala sura ambayo watu wa mjini waliisifia, na wenye wivu walimtungia nyimbo za kumdharau. Hiyo ndiyo "kukandiwa mtandaoni" ya zama zile. Lakini mwaka 1928 alipanda meli na wenzake kwenda Bombay, India, kurekodi santuri kwa Kiswahili. Ni msafiri wa muziki kweli huyo! Santuri zile zikarudi zikasambaa pwani na bara, watu wakakusanyika penye gramafoni kumsikiliza mwanamke wa Fumba. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake. Msanii wa Kiswahili alikuwa staa wa kuvuka bahari karibu miaka 85 kabla BTS hawajatoa wimbo wao wa kwanza mwaka 2013.

Na mashabiki je? Walikuwepo, tena wana sare

Hapa ndipo vijana wa K-pop watashangaa. Mnajiona mna umoja wenu, mna jina lenu, mna taa za mkononi za kundi lenu, mna wenzenu kila nchi. Sawa. Sasa tafuteni habari za beni.

Beni ilianza kwenye miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia Tanganyika na kuenea sana bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ikibebwa na askari na wapagazi waliozunguka nchi nzima. Ilikuwa ngoma ya kuiga bendi za kijeshi: tarumbeta, magwaride, kofia, vyeo. Kulikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, na ushindani wake si wa mchezo. Watu walishona sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakachangishana pesa za kuonyesha kwamba upande wao ndio wenye fasheni. Na kila chama kilikuwa na matawi mji hadi mji. Ukifika mji mgeni, huna ndugu, unaulizia wenzako wa Marini, wanakupokea, wanakulisha. Ukifa ugenini, wanakuzika.

Sasa hapo tofauti na kundi la WhatsApp la mashabiki linalokutafutia pa kulala Mji Mkongwe ni ipi? Ni simu tu.

Mambo ya watu kuvuka kisiwa kufuata burudani hayakuishia hapo. Mzee wako akikwambia "sisi hatukuwa na haya mambo", muulize kuhusu televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Bara tukakaa gizani hadi 1994. Zaidi ya miaka 20! Kwa muda wote huo, mtu wa bara aliyetaka kuona picha inatembea kwenye kituo cha nchi yake alikuwa anaitazama Unguja.

Na muziki nao ulivuka kurudi. Khadija Kopa alitoka Zanzibar akiwa ameshajulikana, akaja kuitikisa Dar es Salaam na TOT miaka ya 1990, enzi za mipasho. Mzee Yusuf naye akatoka Unguja, akaanzisha kundi Dar, na jina alilolipa ni Jahazi. Chombo cha kuvukia maji.

Manyara tunaingiaje hapo?

Najua kuna mtu anasema haya ni mambo ya pwani, sisi wa mlimani yanatuhusu nini. Subiri.

Mbulu na Hanang ni sehemu isiyo ya kawaida Afrika nzima. Mkusanyiko wa lugha pale Haydom na maeneo ya jirani ni wa ajabu: Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, Wahadzabe wana lugha ya vidoko, na Wanyiramba na Wanyisanzu ni Wabantu. Makundi manne makubwa ya lugha za bara hili, umbali wa kutembea kwa miguu. Mtoto wa huko anazaliwa akisikia nyimbo asizozielewa maneno. Kwa hiyo mkimcheka kwamba anaimba Kikorea asichokijua, mnamcheka kwa kitu alichojifunza kwao. Na Kikorea chenyewe kimeingia kwa mlango tunaoujua wote: tamthilia kama Jumong, kibanda umiza, na sauti ya mtu anayetafsiri juu ya picha.

Tena kuna kubwa zaidi. Wadatoga wa Hanang wana bung'eda. Akifariki mzee mwenye heshima kubwa, kaburi lake linajengwa kilima cha udongo kidogo kidogo, na shughuli inaendelea kwa miezi. Inakwenda mpaka karibu miezi tisa. Watu wanatoka mbali, koo na koo, wanakuja wakiimba. Siku ya mwisho umati unafurika kuona mtoto wa marehemu akipanda juu ya kilima kile. Vijana hukutana huko, wachumba huonana huko, nyimbo mpya husikika huko kwa mara ya kwanza. Hakuna basi, hakuna tiketi. Kuna miguu, maziwa kwenye kibuyu, na hamu ya kuwa mahali ambapo wote wapo.

Wanawake wa Kidatoga walitembea siku nzima wakiwa wamevaa sketi zao za ngozi ili wawahi kuimba pamoja na wenzao. Nani aliwaambia wabaki nyumbani kwa sababu nyimbo ni zilezile?

Hofu ya mama ina sababu

Tusimfanye mama mjinga lakini. Anayo sababu ya kuogopa, na sisi mashabiki tuna tabia ya kuona kila anayetukataza ni adui wa furaha.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, mamia ya watu wakafa. Mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Zanzibar. Mama wa Katesh aliyesikia majina yale redioni hajasahau. Na tarehe 3 Desemba 2023 maafa yakaja hadi mlangoni: tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mtu aliyewazika majirani zake haoni safari ya mtoto kama nyinyi mnavyoiona kwenye picha za mtandaoni. Anaona mtoto wake yuko mbali siku ambayo lolote linaweza kutokea.

Na pesa nayo si hadithi. Hela ya alizeti ni mbegu ya msimu ujao, ni ada ya mdogo wako. Binti wetu hakuchukua zote. Alikaa na mama akapiga hesabu kwenye daftari: nauli ya basi mpaka Dodoma, treni ya SGR mpaka Dar, ambayo tangu 2024 imeifanya safari iwe fupi kuliko walivyoijua kaka zetu, boti ya kama saa mbili, kiingilio, pa kulala kwa mwenyeji aliyempata kwenye kundi la mashabiki. Akatoa ya mbegu kwanza, iliyobaki ndiyo akasafiria. Hiyo ni heshima ambayo haionekani kwenye picha.

Jibu la swali

Usiku wa kabla ya safari mama akalirudia swali lake, safari hii taratibu. Binti hakumjibu. Alimuuliza naye: "Mama, wewe ulikuwa wapi mara ya kwanza kusikia watu wengi wanaimba pamoja?"

Mama akanyamaza. Kisha akaanza kusimulia alivyobebwa mgongoni na bibi kwenda kwenye bung'eda ya mzee mmoja, njia ya siku nzima, alivyosinzia akaamka katikati ya sauti za watu, hajui kumekucha au ni usiku. Alisimulia hadi moto ukazimika.

Asubuhi stendi alimfungia binti yake kitenge. "Beba. Baharini kuna upepo."

Ndiyo hivyo wadau. Redio ipo, simu ipo, na nyimbo zote zimo humo ndani. Barghash angeweza kusubiri, Siti angeweza kubaki na vyungu vyake, bibi angeweza kubaki nyumbani na mtoto mgongoni. Hawakubaki, na ndiyo maana tuna cha kuimba. Ukipanga kwenda Februari ijayo, nunua tiketi ya boti mapema, beba kitambulisho, valia kistaarabu ukiwa Mji Mkongwe. Na kabla hujaondoka, kaa na mama yako umuulize yeye aliwahi kutembea umbali gani kwa ajili ya ngoma. Kuna uwezekano mkubwa safari yake ilikuwa ndefu kuliko yako.