Kuhama na Kuhamishwa: Mahege na Mto Wake

Herufi moja yatosha kupoteza kijiji. Mara nyingi nimeliona jina la Mahege likisahihishwa na watu wenye elimu, wakalitia "n" ya kati, likawa Mahenge, nao wakaridhika. Mahenge ni mji wa milimani katika Mkoa wa Morogoro, wenye boma la Wajerumani lililoshambuliwa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 30 Agosti 1905. Mahege ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, katika nchi ya Rufiji, na wilaya yenyewe ilizaliwa Rufiji ya zamani ilipogawanywa katika miaka ya 2010. Mahenge imo vitabuni. Mahege ina mto.

Hata hivyo, mto huo ndio unaoziunganisha. Maji ya nyanda za Mahenge hushukia Kilombero na Luwegu, na mito hiyo miwili ikutanapo ndipo Rufiji inapopata jina lake. Chini kidogo huingia Ruaha Mkuu, na kufika baharini mto umekwisha kukusanya maji ya bonde la kilomita za mraba zipatazo 177,000. Mvua ya milimani ni habari inayosafiri bila mjumbe. Aliye chini huisoma kwa rangi ya maji.

Nawe msomaji wa visiwani, kabla hujasema kwamba Rufiji ni mbali, inua macho uitazame dari ya nyumba ya mjini. Boriti zile ni mikoko, na nyingi katika mikoko iliyojenga miji yetu zilikatwa katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini, zikaja Unguja au zikaendelea hadi Uarabuni na Ghuba. Vyumba vya nyumba zetu kongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Fundi alipima kwa mti, wala si kwa matamanio ya mwenye nyumba. Boriti, mazio, pau, fito: haya ni maneno ya ujenzi kwetu, na kwa wakataji yalikuwa ni umri wa mti. Mpunga wa Rufiji nao ulivuka bahari karne ya kumi na tisa ukaliwa visiwani. Tumelala chini ya Rufiji na tumeila Rufiji, kisha tukaiita pembezoni.

Historia iliyoandikwa huitembelea delta pale tu panapolia mzinga. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikarudi kujificha katika mikono ya Rufiji, karibu na Salale. Waingereza waliisaka miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia humo. Majina ya meli na ya makapteni wake tunayo. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu, ikikokotwa kwa mikono ya Waafrika. Majina ya wenye mikono hiyo hatunayo. Miaka kumi kabla yake, tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, upande wa kusini wa mto huo huo. Yeye jina lake limebaki, kwa kuwa walio hai waliendelea kulitaja.

Mimi sikusoma historia chuoni. Nimejifunza kwa kufasiri, na mfasiri huona mambo ambayo msomaji huyaruka. Siku moja nilikuwa nafasiri maelezo mafupi yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni kuhusu bonde la Rufiji. Nikakuta sentensi isemayo, kwa maana yake, kwamba baada ya mafuriko ya 1968 wakulima walihama bondeni. Kalamu ikaandika "walihama", kisha ikasita. Lugha yetu haimruhusu mtu kuficha mkono wake. Kuna kuhama, kuna kuhamia, kuna kuhamisha, na kuna kuhamishwa. Silabi chache nyuma ya kitenzi, na hukumu nzima inageuka.

Yaliyotokea ni haya. Mafuriko yalikuwa makubwa, na serikali, iliyokwisha kuamini kwamba maendeleo hukaa katika vijiji vya pamoja, ikaona imepata sababu. Katika 1968 na 1969 ikaendesha Operesheni Rufiji, miaka kadhaa kabla ya operesheni za nchi nzima za 1973 hadi 1976. Watu wa bonde la mafuriko walipelekwa kwenye miinuko. Huko kulikuwa na barabara, na shule na zahanati ziliahidiwa. Si haki kusema hakuna aliyefaidika. Lakini udongo wa miinuko ni wa kichanga, unaufaa mkorosho kuliko mpunga, na rutuba ilibaki chini, mtoni. Basi watu wakawa na makazi juu na riziki chini, na kati ya viwili hivyo mwendo wa saa kadhaa kwa miguu.

Waliohamisha waliyaona maji kuwa ni adui tu. Mkulima wa Rufiji alikuwa na neno jingine: mlau. Ni kilimo kinachofuata maji yanaporudi nyuma. Mpunga hupandwa kwa mvua, mafuriko huja, na ardhi ikianza kuonekana tena, ingali na unyevu na tope jipya, hupandwa mahindi na mazao mengine. Mwaka mbaya wa mpunga huweza kuwa mwaka mwema wa mlau. Na palikuwapo dungu, nyumba ya miti iliyoinuliwa juu ya nguzo shambani, ambamo mkulima alilala akilinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege na viboko, maji yakipita chini yake. Watu wenye neno la dungu na neno la mlau hawakuwa wakingoja kuokolewa na mto. Walikuwa wamekwisha kuandikiana nao mkataba.

Wengi waliuheshimu mkataba huo hata baada ya operesheni. Walikuwa na nyumba juu kwa ajili ya serikali, na dungu chini kwa ajili ya watoto.

Leo mto una mlango. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuanzia 2019 na kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Nchi inauhitaji umeme huo, nami naandika haya chini ya taa. Lakini mwezi Aprili 2024 maji yalizamisha nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti, na wazee waliozoea kuisoma rangi ya mto wakakuta kwamba sasa yawapasa kusoma matangazo pia. Tope lililokuwa likishuka kila mwaka kulisha mashamba na mikoko hukutana kwanza na ukuta. Swali la 1968 limerudi likiwa na nguo mpya: ni nani aujuaye mto, na ni nani aulizwaye?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wakazi wa bonde hawakuiacha asili yao. Waliondolewa juu yake, wakairudia kwa miguu kila msimu. Ndiyo maana katika ile tafsiri yangu nilifuta "walihama", nikaandika "walihamishwa". Mhariri aliniuliza kwa nini nimeongeza jambo lisilokuwamo. Nikamjibu kwamba sikuliongeza. Lilikuwamo bondeni, ndilo maandishi yaliyolipunguza.

Mahege haidai mnara. Inadai iandikwe kwa herufi zake, isitiwe "n", na vitenzi vya nchi yake visikatwe mikia. Na kwetu sisi tulalao chini ya boriti, hilo si deni kubwa kulilipa.