BIMA YA MBWA AU KIBUBU? STORI NDEFU ILIYOANZIA KWA FARASI IKAFIKA KWA STAA WA TV

Mwaka 1982 staa mmoja wa TV huko Marekani alikatiwa bima ya matibabu. Staa mwenyewe alikuwa na miguu minne, manyoya marefu na pua iliyochongoka. Alikuwa mbwa aliyekuwa akiigiza kama Lassie, na hati yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa na kampuni iliyoanzisha biashara hiyo nchini humo.

Ukimwambia mtu wa mjini leo habari ya "bima ya mbwa", anacheka kwanza. Binadamu wangapi hawana bima, eti mbwa? Poa, cheka. Ila stori iliyo nyuma yake haichekeshi hata kidogo. Ndani yake kuna wakulima waliofilisika, kuna mama wa London na huruma yake, na kuna daktari aliyeitwa muuaji na mtoto mdogo. Kuna pia swali ambalo kila mwenye mbwa au paka litamfikia siku moja: uweke hela zako mwenyewe au ulipe bima?

MNYAMA WA HELA KWANZA

Iko hivi. Zamani hakuna aliyewaza kumkatia bima mnyama kwa sababu anampenda. Mnyama alikatiwa bima kwa sababu akifa, familia inalala njaa.

Hata udaktari wa wanyama ulianza hivyohivyo. Chuo cha kwanza cha madaktari wa mifugo kilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1762, wakati sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ilikuwa inamaliza mifugo Ulaya. London wakafungua chao mwaka 1791, na mgonjwa mkubwa pale alikuwa farasi. Farasi ndiye aliyekuwa lori, daladala na bodaboda ya enzi hizo. Mbwa? Mbwa alilamba kidonda chake mwenyewe.

Karne ya 19, vijijini Uingereza, watu wa kipato cha chini wakabuni kitu ambacho Mtanzania akikiona tu anakijua: kikoba. Tofauti ni kwamba kilikuwa kikoba cha ng'ombe, na kingine cha nguruwe. Kila mwanachama anachangia senti kidogo kidogo. Nguruwe wako akifa kwa ugonjwa, mfuko unakulipa thamani yake.

Na hawakuwa wajinga. Kabla mnyama hajaingizwa kwenye chama, mtu maalumu anakuja kumkagua. Akiwa mzima anawekewa alama, akiwa mgonjwa anakataliwa. Ukisikia kampuni ya bima leo inasema "hatulipii ugonjwa aliokuwa nao kabla hujajiunga", ujue sharti hilo halikuanzia ofisini kwenye kiyoyozi. Lilikuwepo kwenye banda la nguruwe.

Ila mfumo ulikuwa na shimo moja. Mfuko unafanya kazi pale mnyama mmoja anapokufa huku, mwingine kule. Ugonjwa ukipita kijiji kizima kwa mpigo, nani atamlipa nani? Mwaka 1865 sotoka iliingia Uingereza na mamia ya maelfu ya ng'ombe wakafa. Kwenye balaa kama hilo, kikoba cha majirani watupu kinakauka siku ileile kinapohitajika.

1890: MSWIDI MMOJA, NA MSIBA HUKU KWETU

Mwaka 1890 huko Sweden, jamaa mmoja wa masuala ya bima akaandika hati inayotajwa kuwa ndiyo baba wa bima za wanyama tunazozijua leo. Ilihusu farasi na mifugo. Wazo la bima pana ni kukusanya watu wengi, wa maeneo mengi, ili balaa la kijiji kimoja libebwe na wengi.

Sasa angalia kilichokuwa kinatokea Afrika Mashariki miaka hiyohiyo. Sotoka ilikuwa imeshuka kutoka Pembe ya Afrika na karibu na mwaka 1890 ikawafikia Wamaasai. Inakadiriwa kwamba ng'ombe hadi 9 kati ya 10 walikufa. Njaa na ndui vikafuata. Wamaasai wenyewe wanakiita kipindi hicho Emutai, wakati wa kumalizwa.

Na usidhani Wamaasai hawakuwa na bima. Walikuwa nayo, ila haikuwa na karatasi. Inaitwa osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kitovu, ule mkono unaomuunganisha mtoto na mama. Ukiwa na osotua na mtu wa mbali, akipatwa na shida anakuomba ng'ombe, nawe unatoa bila kuhesabu deni. Kesho ukipatwa wewe, ni zamu yake. Mfumo huo ulivusha watu kwenye ukame mwingi. Lakini sotoka iliwafuata wote, wa karibu na wa mbali. Tatizo ni lilelile la kikoba cha Kiingereza: bima yoyote ni nzuri mpaka siku wote mnapoumia pamoja.

Sotoka yenyewe ilikuja kutangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011. Kilichoishinda ni chanjo na ufuatiliaji. Mfuko wa hela usingeweza. Hilo likae kichwani, tutalirudia.

GARI LILIPOMFUKUZA FARASI

Mbwa wa kwanza kukatiwa bima Sweden aliingia kwenye vitabu mwaka 1924. Kwa nini wakati huo? Gari.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, magari na malori yalichukua kazi za farasi mijini. Daktari wa farasi akabaki anaangalia dirishani, wateja hamna. Taratibu madaktari wakageukia wagonjwa wadogo, yaani mbwa na paka. Baadaye zikaja eksirei, dawa za usingizi zilizo salama zaidi, penisilini na upasuaji wa maana. Mbwa aliyevunjika mguu, ambaye zamani angepigwa risasi nyuma ya nyumba, sasa angeweza kupona na kutembea.

Hapo ndipo noma ilipoanza. Matibabu yakiwezekana, yanakuwa na bei. Zamani mwenye mbwa hakuwa na la kuamua, Mungu ndiye aliyeamua. Sasa akaanza kuamua mfuko wake.

Uingereza walipata bima yao ya kwanza ya mbwa na paka mwaka 1947. Lakini miaka 30 kabla ya hapo kulikuwa na njia ya tatu, isiyo bima wala kibubu. Mwaka 1917, vita ikiendelea, mama mmoja alifungua kliniki kwenye chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, mtaa wa walalahoi mashariki mwa London. Alitangaza kwamba mnyama yeyote mgonjwa aletwe, atatibiwa bure. Watu walifurika. Maana yake mapenzi kwa mnyama hayakuwa ya matajiri peke yao. Masikini walikuwa wanampenda mbwa wao vilevile, ila hawakuwa na hela ya daktari.

Shirika aliloanzisha mama huyo lipo hadi leo na linatibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo. Lakini huruma haifiki kila mtaa. Ukikaa mji usio na mama kama huyo, unarudi palepale: wewe na pochi yako.

MTOTO DUKANI

Turudi Marekani. Kabla ya Lassie kukatiwa bima, daktari mmoja wa mifugo wa California alipata kitu ambacho amekisimulia hadharani mara nyingi. Alikuwa dukani akinunua mahitaji ya nyumbani. Mtoto wa mteja wake wa zamani akamwona, akamwambia mzazi wake kwamba yule pale ndiye mtu aliyemuua mbwa wao.

Mtoto hakukosea. Mbwa wao mdogo alikuwa mgonjwa, matibabu yalikuwepo, lakini familia haikumudu gharama. Wakachagua sindano ya kumlaza moja kwa moja. Daktari akaichoma. Kisheria hana kosa, kitaaluma hana kosa. Ila maneno ya mtoto yalimkaa rohoni.

Madaktari wa mifugo wanalijua jambo hili vizuri. Kuna wanyama wanaokufa kwa sababu dawa haipo, na kuna wanaokufa kwa sababu hela haipo. Kundi la pili ndilo linalomuumiza daktari usiku. Miaka hiyohiyo kirusi cha parvo, kilichoibuka mwaka 1978, kilikuwa kinaua watoto wa mbwa dunia nzima, na kumtibu mmoja ni siku kadhaa za dripu na uangalizi.

Daktari yule akaungana na wenzake, madaktari wa mifugo wapatao 750 wakachanga mtaji, na mwaka 1980 wakaanzisha kampuni. Miaka miwili baadaye ndipo Lassie akapata hati yake. Kwa hiyo aliyeleta bima hiyo Marekani alikuwa daktari aliyechoka kuchoma ile sindano.

MBONA WENGINE WANAKATAA?

Leo Sweden, kati ya kila mbwa 10, takriban 8 hadi 9 wana bima. Marekani, ambako daktari yule alihangaika, wanyama wenye bima bado ni wachache sana. Wanaokataa wana hoja zao, na si za kipuuzi.

Ya kwanza: ada inapanda mnyama anavyozeeka, yaani anapohitaji bima zaidi ndipo inapokuwa ghali zaidi. Ya pili: kuna masharti. Kuna muda wa kusubiri, kuna kiwango cha mwisho kwa mwaka, kuna sehemu unayobeba mwenyewe, na ugonjwa wa zamani haulipwi. Ya tatu, wengi hawaijui: Marekani bima nyingi zinakurudishia hela baada ya wewe kulipa. Daktari anataka chake leo, kampuni itakulipa baadaye. Kwa hiyo hata mwenye bima anahitaji akiba!

Halafu kuna bei zenyewe. Uingereza mwaka 2023 kampuni za bima zililipa zaidi ya pauni bilioni 1 kwa ajili ya wanyama wa nyumbani. Mwaka huohuo mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilianza kuchunguza soko la matibabu ya wanyama, ikakuta bei zimepanda zaidi ya asilimia 60 tangu 2016. Ilikuta pia kwamba kliniki zilizo mikononi mwa makampuni makubwa zimetoka 1 kati ya 10 mwaka 2013 hadi karibu 6 kati ya 10.

SASA LIPI?

Tupige hesabu ya kawaida. Mtu anaweka shilingi 20,000 kila mwezi kwa ajili ya mbwa wake. Miaka mitatu ikipita salama ana 720,000. Safi sana, na hela ni yake, hata mbwa asipougua. Lakini mbwa akigongwa na bodaboda mwezi wa pili, kibubu kina 40,000. Kibubu kinashindwa kwa sababu ajali haisubiri kijae.

Geuza upande wa pili. Mtu analipa 20,000 hiyohiyo kama bima kwa miaka 10. Hapo zimetoka 2,400,000. Mbwa asipougua ugonjwa mkubwa, hela imekwenda, hakuna cha kurudishiwa. Ila imelipia matibabu ya mbwa wa mtu mwingine, kama ile michango ya kikoba cha nguruwe.

Kwa hiyo hivi vitu viwili havigombanii kazi moja. Kibubu ni cha bili ndogo unazoziona zinakuja: chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe. Bima ni ya bili moja kubwa inayoweza kuja kabla hujajipanga. Na bima ina maana pale tu ambapo kuna kliniki inayoweza kufanya hayo matibabu makubwa. Kama mjini kwako hakuna wa kumpasua mbwa mguu, utakuwa unalipia kitu ambacho hakipo. Hapo kibubu kinashinda, tena si kidogo.

Kuna kitu cha tatu ambacho sotoka ilitufundisha: kinga. Kwa huku kwetu, kupe, parvo na kichaa cha mbwa vinaua wanyama wengi, na vyote vitatu vinazuilika kwa hela ndogo kuliko bili yoyote ya matibabu. Kichaa cha mbwa ndiyo kabisa, dalili zikishaanza hakuna bima wala kibubu kitakachomwokoa mbwa, na binadamu aliyeng'atwa naye yuko hatarini.

Kitu ambacho daktari wa California aliona mapema ni muda. Yule mzazi hakumchukia mbwa wake. Aliulizwa swali la hela akiwa amesimama mbele ya meza ya daktari, mnyama anahema, mtoto analia. Pale jibu lilikuwa limeshaandikwa miezi mingi nyuma, siku ambayo hakuna aliyefikiria kuweka hata shilingi moja. Kibubu au bima, vyote vinaanzishwa mbwa akiwa mzima anakimbia uani. Akishalala chini, kilichobaki ni kuhesabu ulichonacho.

Haya wadau, nyie mnaofuga: una kibubu cha mbwa au paka wako, au unamwachia Mungu? Tiririka hapo chini.