"Nina mawazo": namna kusikilizwa kunavyotuliza wasiwasi wa kila siku

Mtu akikwambia njiani "nina mawazo", humuulizi ni mawazo ya nini, ya biashara au ya siasa. Unaelewa papo hapo kwamba hana raha. Halali vizuri, chakula hakipandi, na jambo moja linazunguka kichwani tangu asubuhi hadi usiku kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Madaktari wana majina yao ya hali hii: wasiwasi, msongo, sonona. Sisi tuna "mawazo", na kila mtu anaelewa.

Katika ujumbe tunaopokea wakati wa kipindi cha asubuhi, mawazo yana sura nyingi. Kuna aliyekopa mbolea kisha mvua zikakata. Kuna mama ambaye mwanawe alikwenda mjini kutafuta kazi na simu yake haipatikani siku ya nne. Kuna mwenye marejesho ya VICOBA Ijumaa na mfukoni hana kitu. Na wapo wasiojua hata wanaogopa nini, moyo unaenda mbio tu wakiwa wamekaa. Wengi humalizia kwa swali lilelile: ninywe dawa gani?

Makala hii inaeleza tiba moja ambayo haipo duka la dawa, nayo ni mtu mwingine anayekusikiliza kwa huruma. Tunajua inasikika kama maneno ya kubembelezana. Lakini imepimwa, na imepimwa hapa hapa Afrika.

Benchi la mbao nje ya zahanati

Zimbabwe, mwaka 2005, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia ilikuwa imeambiwa imlete msichana kwa daktari Harare, lakini hawakuwa na nauli ya basi. Ilikuwa kama dola 15 hivi za Marekani. Wakati huo nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 12, ilikuwa na madaktari wa akili kama dazeni moja tu. Chibanda amesimulia mara nyingi hadharani kwamba kifo kile ndicho kilichomfanya ajiulize inakuwaje mgonjwa ndiye amfuate daktari, badala ya msaada kumfuata mgonjwa kule aliko.

Hakupewa wauguzi. Hakupewa chumba. Alichopewa, mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Basi wakaweka benchi la mbao nje ya zahanati, na mgonjwa mwenye mawazo akaelekezwa kwenda kukaa pale na bibi.

Mwanzoni benchi lilipewa jina la kidaktari, benchi la afya ya akili. Hakuna aliyetaka kuonekana amelikalia. Bibi ndio waliosema jina libadilishwe, likawa Benchi la Urafiki. Wao pia ndio walioshauri kuachana na majina ya hospitali na kutumia neno la Kishona ambalo watu walikuwa nalo tayari: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ndiyo "mawazo" yetu yaleyale. Tunadhani hapo ndipo mpango ulipopona. Mtu anayeambiwa ana ugonjwa wa akili atakimbia, ila akiambiwa "mwanangu, unawaza sana" atakaa.

Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Walihusishwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Wengine walipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, wengine wakakaa na wahudumu wa benchi. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa karibu 50 katika kila watu 100. Katika kundi la benchi hawakufika 14. Dalili za wasiwasi nazo zilipungua. Tangu hapo benchi hilo limefika Malawi, Zanzibar na hata jiji la New York.

Bibi anafanya nini hasa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu watu husikia habari hii wakadhani bibi anatoa ushauri. Hatoi, au tuseme anachelewa sana kutoa. Hatua ya kwanza kwa Kishona inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Mgonjwa anaeleza kila kinachomsumbua, bila kukatizwa, hata kama anaruka kutoka kwenye ada ya shule kwenda kwa wifi, kisha kwenye maumivu ya mgongo. Bibi anaitikia, anarudia kwa maneno yake alichosikia ili mgonjwa aone ameeleweka, na anauliza. Zipo pia hoja 14 za maswali kutoka dodoso lililotengenezwa kwa Kishona: je, wiki hii umewaza sana, umelala vibaya, umejikuta unalia?

Baada ya hapo mgonjwa anachagua tatizo moja. Moja tu, na analichagua yeye. Kisha wanatafuta hatua ndogo ambayo mtu anaweza kuifanya kabla ya kukutana tena. Mwenye marejesho ya Ijumaa, kwa mfano, haambiwi apate hela. Anaweza kuamua tu kwamba kesho atakwenda kwa mwekahazina kumweleza mapema kwamba atatoa nusu. Mawazo yaliyokuwa mlima mmoja yanakuwa vilima, na kimojawapo kina njia.

Mikutano hufika hadi sita. Baadaye mgonjwa hukaribishwa kwenye kikundi cha waliopitia benchi, wanakaa pamoja wakisuka mikoba huku wakizungumza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Wanawake wanaochambua mchicha pamoja wanalijua hili bila utafiti.

Mwili nao una habari yake

Kwa nini kusikilizwa kutulize moyo unaodunda? Wasiwasi ni kengele ya mwili. Ukikutana na nyoka shambani, mwili unamwaga kemikali iitwayo adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, na tumbo linasimamisha kazi zake. Yote hayo ni ili ukimbie. Shida ni kwamba deni si nyoka. Huwezi kulikimbia, kwa hiyo kengele inaendelea kulia siku nzima na mwili unachoka bila kwenda popote.

Sauti tulivu ya mtu unayemwamini, na kukaa karibu naye, huuambia mwili kwamba hapa pana usalama. Mtoto aliyeshtuka hunyamaza akibebwa mgongoni hata kabla hajaelezwa chochote, na sisi wakubwa tumebaki na kitu hicho hicho. Pumzi nayo inasaidia: vuta taratibu puani, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, kama unapoza uji. Fanya hivyo kwa dakika chache. Ukiwa umekaa na mwenye wasiwasi, pumua wewe hivyo kwanza, bila kumwamrisha. Mara nyingi atakufuata bila kujua.

Pole, na kinachofuata baada ya pole

Waswahili hatukosi neno la huruma. "Pole" tunaitoa kwa aliyejikwaa, kwa aliyefiwa, hata kwa anayetoka kazini. Ni neno zuri na hatulibezi. Tatizo ni pale linapotumika kufunga mlango: "Pole, Mungu atasaidia," kisha tunahamia kwenye bei ya mahindi. Mwenye mawazo anajua amefukuzwa kwa adabu.

Jaribu kuongeza swali moja baada ya pole. "Pole dada. Ilianzaje?" Au, "Pole mzee wangu, na usiku unalala?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, na sisi watangazaji ambao kazi yetu ni kujaza ukimya tunaweza kuthibitisha.

Yapo maneno yanayomwumiza mtu ingawa tunayasema kwa nia njema. "Jikaze." "Wenzako wana makubwa kuliko hayo." "Mwanaume halii." Kila moja linamwambia kwamba anachohisi ni kosa, kwa hiyo sasa ana mizigo miwili, wasiwasi na aibu ya kuwa na wasiwasi. Huruma tunayoisema hapa si ya kumwangalia mtu kutoka juu kama unayempa sadaka. Ni kujaribu kuiona siku yake ilivyo kwake, hata kama wewe usingeogopa jambo hilo.

Kwa wanaume kuna ugumu wa ziada. Kijiweni tunakaa saa tatu tukichambua Simba na Yanga, na mtu anaondoka bila mwenzake yeyote kujua kwamba hajalala wiki nzima. Usitegemee atasema mbele ya watu. Msindikize. Wanaume wengi huzungumza vizuri zaidi wakitembea au wakifanya kazi bega kwa bega kuliko wakitazamana.

Na siri ni siri. Katika kijiji ambacho kila mtu ni shangazi wa mtu, neno likitoka limetoka. Aliyekueleza ya ndani akiyasikia kisimani kesho yake, hatamweleza mtu tena, hata mhudumu wa afya. Siri tunaivunja kwa sababu moja tu, nayo ni maisha yakiwa hatarini, na tutaifikia hapa chini.

Huruma kwa nafsi yako

Mtafiti wa Marekani, Kristin Neff, tangu mwaka 2003 ameandika mengi kuhusu watu walio wakali kwa nafsi zao. Njia yake moja ni rahisi kuijaribu hata ukiwa peke yako kitandani. Jiulize: rafiki yangu angekuja na tatizo hili hili, ningemwambia nini? Hakuna ambaye angemwambia rafiki "wewe ni mjinga, umeiharibu familia yako." Lakini usiku, tukiwa wenyewe, ndiyo maneno tunayojipa. Jisemee yale ambayo ungempa rafiki, kwa sauti ya chini ukiweza. Kumbuka pia kwamba si wewe peke yako ambaye mvua imekukatia. Kijiji kizima kiko macho usiku huo, ila kila mmoja yuko kwenye nyumba yake.

Pale benchi lisipotosha

Hata bibi wa Harare wana mpaka: mgonjwa mzito humpeleka kwa mtaalamu. Nenda zahanati au kituo cha afya kama wasiwasi umezidi wiki mbili na unakuzuia kufanya kazi, kula au kulala. Moyo kwenda mbio na maumivu ya kifua navyo vichunguzwe, kwa sababu yapo magonjwa mengine yenye dalili hizo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii anahitaji daktari, na kumsema kwamba amerogwa kunamchelewesha.

Mtu akianza kusema amechoka kuishi, au akigawa vitu vyake bila sababu, muulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Watu huogopa kwamba swali litampa wazo. Haliwi hivyo. Kwa kawaida humpa nafuu kwamba hatimaye kuna anayeona. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mwite ndugu anayemwamini, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na jambo ambalo nyumba za wakulima zinalisahau: dawa za kuulia wadudu na magugu zitolewe chini ya kitanda au jikoni, zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mwingine. Msukumo wa kujidhuru mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na sumu ikiwa mbali, muda huo hupita mtu akiwa hai.

Kwa Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Mtoto mwenye shida, au mtu mzima mwenye hofu juu ya mtoto, apige 116, nayo ni bure.