Data Ikivuja Kwenye Kampuni ya Chai, Fidia Haiji Yenyewe

Wengi wetu hapa Pwani tunaijua chai ya Kericho na Bomet ikishafika chini: malori barabarani, maghala ya Mombasa, mnada wa kila wiki. Tusilolizungumza ni taarifa za watu walioichuma. Kila kilo inayopimwa kule juu huandikwa kwa jina la mtu, na jina hilo lina nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na akaunti ya benki.

Naandika haya kwa wasomaji wenye jamaa wanaolima au kuchuma chai kule, na kwa yeyote aliyeacha taarifa zake kwenye kampuni, kwani sheria ni moja kutoka Bomet hadi Lamu. Mimi si wakili. Lakini sheria hii inasomeka, na jambo kubwa ndani yake watu hulikosa: faini anayotozwa mwenye kampuni si fidia yako. Faini ni adhabu. Fidia ni haki yako, na usipoidai kwa ushahidi huipati.

Kampuni inajua nini juu yako

Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kilicho chini ya KTDA ana nambari yake ya mkulima. Chini ya nambari hiyo kuna uzani wa majani, malipo ya mwezi, makato ya mbolea na bonasi ya mwaka.

Mchuma chai wa shamba kubwa yuko wazi zaidi. Mwajiri wake mara nyingi ndiye mwenye nyumba anayolala, na pengine ndiye mwenye zahanati anayotibiwa. Kwa hivyo kampuni moja inaweza kujua mshahara wake, maradhi yake, watoto wake na, palipo na mashine za kuhudhuria kazini, alama za vidole vyake. Sheria inahesabu habari za afya na alama za vidole kuwa data nyeti, na ina sababu. Nambari ya siri unaweza kuibadilisha leo jioni, kidole huwezi.

Kumbuka pia kwamba mashamba huuzwa. Yale ya James Finlay yalinunuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 Lipton nayo ilitangaza kuiuzia Browns mashamba yake, ambayo zamani yalikuwa ya Unilever. Shamba likibadilisha mwenyewe, mfanyakazi ana haki ya kuuliza faili yake iko kwa nani sasa.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikaja kukitilia nguvu. Data ikiibwa au ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na pana hatari ya kweli ya kukudhuru, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipogundua. Wewe nawe unatakiwa kujulishwa kwa maandishi bila ya kucheleweshwa ovyo: nini kimetokea, kampuni imefanya nini, na wewe ufanye nini kujikinga. Kampuni inaweza kusamehewa kukujulisha ikiwa data ilikuwa imefungwa kwa namna ambayo mwizi hawezi kuisoma.

Haya hutokea hapa hapa Kenya. Aprili 2023 duka kuu la Naivas lilitangaza kwamba wahalifu wa mtandaoni walikuwa wameingia kwenye mitambo yake. Na mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuvijua. Kitambulisho chako kikishatoka mikononi mwako, hutumika mahali usipopatarajia.

Hatua za siku ya kwanza

1. Badilisha nambari ya siri ya M-Pesa na ya benki. Usitumie mwaka wa kuzaliwa. Huo nao umo kwenye faili.

2. Zuia laini yako isihamishwe. Mwenye Safaricom hupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe na wakala yeyote wa mitaani. Kisha piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

3. Angalia madeni. Sheria inakupa ripoti moja ya mikopo bila malipo kila mwaka kutoka kwa kila kampuni yenye leseni: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Ukikuta mkopo usioujua, ukane kwa maandishi na udai nakala ya maombi ya mkopo huo.

4. Jihadhari na ujumbe unaokujua sana. Msimu wa bonasi, anayekupigia akitaja jina lako kamili, nambari yako ya mkulima na kilo zako anaweza kukuvuta kirahisi. Kujua habari zako si dalili kwamba ametoka kiwandani. Usimpe nambari ya siri wala ile inayotumwa kwa ujumbe. Nambari ya tapeli itume kwa 333.

5. Kama fedha zimechukuliwa au jina lako limetumika, nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue nambari ya OB. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inahesabu wizi wa utambulisho kuwa jinai.

6. Andika kila kitu. Hifadhi ujumbe, piga picha skrini, weka tarehe na saa, weka risiti za nauli na siku za kazi ulizopoteza. Sisi Waislamu tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Hekima yake ni hii hii: haki isiyoandikwa hubishaniwa.

Fidia inadaiwa vipi

Kifungu cha 65 cha sheria ya data kinasema aliyepata madhara kwa sababu sheria imevunjwa anastahili kulipwa. Madhara si fedha tu. Hata dhiki ya moyo inahesabiwa. Lakini kampuni huepuka kulipa ikithibitisha kwamba haihusiki kwa namna yoyote na kilichotokea.

Ndiyo maana nasisitiza ushahidi. Novemba 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kesi iliyotaka Google iwalipe mamilioni ya watu kiasi sawa bila kila mmoja kuonyesha alivyodhurika. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, lakini somo lake linafaa: kusema tu kwamba data yako ilivuja hakutoshi. Onyesha ilikuletea nini.

Anza kwa barua kwa kampuni. Uliza ni data ipi iliyotoka, lini, na nani ameipata, na uombe nakala ya taarifa zako walizonazo. Hiyo ni haki yako. Weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, iliyo chini ya Immaculate Kassait tangu 2020. Kulalamika ni bure. Unaweza kuandika au kusema kwa mdomo, nao wanalazimika kukuandikia, kwa hivyo mzee asiyejua kusoma hajafungiwa mlango. Ofisi hiyo ina matawi nje ya Nairobi. Kwa watu wa Kericho na Bomet, Nakuru na Kisumu ni karibu, na sisi tuna la Mombasa. Malalamiko yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Katika malalamiko taja wazi kwamba unadai fidia na ueleze ni ya nini. Faini ya Kamishna haizidi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kile kilicho kidogo. Septemba 2023 alizitoza faini taasisi tatu jumla ya shilingi 9,375,000: kampuni moja ya mikopo ya simu, klabu moja na shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Fedha za faini haziingii mfukoni mwa aliyeonewa.

Nendeni pamoja

Wafanyakazi wa chai wa Kericho si wageni wa kudai kwa pamoja. Mwaka 2022 mahakama ya Uskochi kule Edinburgh iliwaruhusu mamia yao kufungua kesi moja dhidi ya James Finlay kuhusu maumivu ya migongo. Kesi ya namna hiyo ni ndefu na ina vikwazo vingi, lakini ilionyesha kwamba mtu wa kambini anaweza kusikilizwa mbali. Kwenye data pia, watu mia wenye daftari moja la tarehe na hasara zao wana sauti kuliko mtu mmoja mwenye uchungu. Chama cha wafanyakazi au ushirika wa wakulima unaweza kuanzisha daftari hilo.

Na tahadhari ya mwisho. Habari za uvujaji zikienea, huja watu wa "fidia ya haraka" wanaotaka ada ya usajili na nakala ya kitambulisho. Hao ni wizi wa pili juu ya ule wa kwanza. Kamishna hatozi ada, na wakili wa kweli hukupa ofisi, risiti na makubaliano yaliyoandikwa.

Data ya mtu ni amana. Aliyeichukua ili akulipe mshahara au bei ya majani ameahidi kuitunza. Akiipoteza, usimwachie Mungu huku huna hata karatasi moja. Andika, peleka, dai.