Milele Iliyodumu Miaka Miwili: Stori ya Dhahabu ya Kakamega

Kila mara dhahabu ya Kakamega ikitrendi, swali ni lile lile: kama hawa watu wamekalia dhahabu, mbona bado wanahangaika? Halafu majibu yanaanza kumiminika. Ati hawajasoma. Ati ni wavivu. Ati wamerogwa. Wasee, hapana. Jibu liko kwa historia, na hiyo historia inaanza na jiwe.

Tuanze hapo basi. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla ya miti, kabla ya samaki, kabla hata ya dinosauri, upande huo wa nchi ulikuwa maji na volkeno. Volkeno zilitapika uji wa moto, ukapoa ukawa mwamba mweusi unaoitwa basalti. Mchanga na matope yakatua juu yake, yakagandamana, yakawa mwamba wa aina nyingine. Halafu dunia ikaanza kukunja hizo zote kama mtu anakunja chapati. Huko chini kwa joto na presha, bila kuyeyuka, madini yaliyo ndani ya basalti yalibadilika na mwamba mweusi ukageuka kijani. Ndio maana wanajiolojia huita eneo kama hilo ukanda wa mawe ya kijani. Uji mwingine ulipanda kutoka chini lakini haukufika juu. Ulipoa polepole ndani ya ardhi ukawa matale. Lile Jiwe Linalolia la Ilesi, ambalo watu hupiga nalo picha wakishuka kwenda Kisumu, ni matale.

Mwamba wa moto, mwamba wa matope, mwamba uliogeuzwa. Zile aina tatu tulikariri shule ili tupite mtihani, zote ziko kwa kaunti moja.

Dhahabu yenyewe ililetwa na maji. Maji moto sana yalipita kwa nyufa za hiyo miamba yakibeba dhahabu kidogo kidogo, imeyeyuka, huwezi kuiona. Presha iliposhuka, maji yakashindwa kubeba mzigo. Yakaacha kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, na ndani yake chembe za dhahabu. Hiyo ndiyo mishipa ambayo wachimbaji hufuata mpaka leo. Mvua ikilika mwamba miaka na mikaka, chembe zinaachiliwa, zinaingia mtoni. Na kwa vile dhahabu ni nzito mara saba hivi kuliko kwatzi, maji yanabeba mchanga na kuiacha chini. Mama anayezungusha karai mtoni anatumia fizikia hiyo hiyo.

Sasa tukuje kwa binadamu.

Mwaka wa 1930, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Ilisema maeneo waliyotengewa Waafrika yangekuwa yao milele. Hilo neno liliandikwa kabisa. Na kama serikali ingehitaji kipande kwa kazi ya umma, ilipaswa kuongeza ardhi nyingine ya kiasi hicho hicho, na baraza la wenyeji lihusishwe. Kwa mtu aliyekuwa ameona vile ardhi ilichukuliwa kule Kiambu na Bonde la Ufa, hiyo ilikuwa ahadi kubwa.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikapatikana Kakamega. Aliyeanzisha mbio alikuwa mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson. Kumbuka hali ya wakati huo: uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, bei ya mahindi na kahawa iko chini, nzige wamepita. Walowezi walikuwa wamesota. Mamia ya Wazungu wakafurika Kakamega na hema na sururu, wakaanza kupigilia vigingi kwa mashamba ya watu. Na hayo mashamba hayakuwa msitu mtupu. Ni mahali Waisukha, Waidakho na majirani zao walikuwa wanalima, wanazika wazee wao, wanajenga. Watu walikuwa wengi na nafasi ilikuwa ndogo tayari.

Serikali ikajikuta na shida. Sheria ilisema ukichukua ardhi, uongeze nyingine. Ungeitoa wapi? Ardhi nzuri ya jirani ilikuwa ya walowezi, na hakuna mtu angewagusa.

Basi Desemba 1932 wakabadilisha sheria. Ardhi ingeweza kutolewa kwa uchimbaji bila kuongezwa nyingine. Mwenye shamba angelipwa pesa. Na haikuwa lazima tena baraza la wenyeji kuulizwa kwanza. Milele iliisha hapo, miaka miwili tu baada ya kuandikwa. Jambo lilikuwa wazi mno mpaka Bunge la London likajadili mwaka wa 1933, na hata Lord Lugard, mtu aliyetumia maisha yake kujenga ukoloni, akalalamika. Haikusaidia. Kampuni ya Rosterman ilichimba hadi 1952, ikafunga. Leo Rosterman ni jina la mtaa Kakamega, na watu bado wanaingia kwa mashimo yanayoweza kuporomoka wakati wowote, wanasaga mawe, wanashika zebaki na mikono mitupu.

Utasema hiyo ni mambo ya mkoloni. Sawa. Lakini soma Katiba ya 2010, Kifungu cha 62: madini yote ni sehemu ya ardhi ya umma. Hata ukiwa na hati ya shamba, dhahabu iliyo chini yake si yako. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya pale inapochimbwa. Naona hiyo 10 ni ndogo, lakini angalau imeandikwa. Na sasa unajua kilichofanyikia kitu kilichoandikwa.

Mimi niliacha chuo, na sisomi hizi vitu ili nionekane mjanja. Nasoma kwa sababu 1932 watu hawakuporwa usiku na majambazi. Waliporwa mchana, na mswada wa marekebisho, wakati wengi hawakuwa na njia ya kuusoma. Sisi tunayo njia. Mswada unapatikana kwa simu, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Tukiacha kusoma kwa sababu ni kurasa mingi na lugha ni ngumu, hakuna mkoloni wa kulaumu.

Jiwe la Kakamega halikumdanganya mtu. Lilikaa pale miaka bilioni mbili na nusu likiwa na kile lilicho nacho. Kwa hivyo ukisikia sheria ya madini ama ya ardhi inarekebishwa, usiulize kwanza kuna dhahabu kiasi gani. Uliza ni mstari gani unafutwa.