Miguu pekupeku iliyobadili filamu za mapigano

Kila mpenzi wa filamu za mapigano anajua, hata kabla picha haijaanza, kwamba stelingi hafi. Kwa mwandishi wa filamu huo ni mtihani mgumu: atamtia hofu vipi mtu ambaye mwisho anaujua? Mwaka 1988 filamu ya Die Hard ilipata jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwenye nyayo za polisi mmoja wa New York.

Wakati huo Hollywood ilitawaliwa na wababe wa misuli. Mwaka 1985 pekee, Sylvester Stallone alirudi Vietnam katika Rambo: First Blood Part II, naye Arnold Schwarzenegger akaingia kisiwani peke yake katika Commando na kuliteketeza jeshi zima. Watu walifurahi, ila hakuna aliyewahofia. Ajabu ni kwamba Rambo hakuanza hivyo: First Blood ya 1982 inaisha akibubujikwa machozi mbele ya kamanda wake wa zamani.

Die Hard ilitokana na riwaya ya Roderick Thorp, Nothing Lasts Forever, iliyotoka mwaka 1979. Riwaya hiyo iliendeleza kitabu ambacho Frank Sinatra alikuwa ameshakichezea filamu mwaka 1968, hivyo mkataba uliilazimu studio impe yeye nafasi kwanza, ingawa alishavuka miaka 70. Akakataa. Wengine nao wakakataa, mpaka nafasi ikamwangukia Bruce Willis, ambaye watu walimjua kwa vichekesho na mapenzi katika tamthilia ya televisheni ya Moonlighting.

John McClane, anayeigizwa na Willis, anaogopa hata kupanda ndege. Abiria mwenzake anamshauri akifika avue viatu na soksi, akunje vidole vya miguu juu ya zulia, uchovu utamtoka. Anafanya hivyo katika jengo la Nakatomi, Los Angeles, mkesha wa Krismasi. Mara majambazi wa Hans Gruber wanavamia sherehe ya ofisi na kuwateka wafanyakazi, mkewe akiwemo. McClane anatoroka na bastola, pekupeku. Jambazi wa kwanza anapokufa, anavipima viatu vyake; ni vidogo.

Baadaye Hans anaiona miguu hiyo, na kwenye mapambano anaamuru vioo vipigwe risasi. McClane hana budi kukimbia juu ya vipande. Kisha tunamkuta bafuni, damu imetapakaa sakafuni, anachomoa kioo unyayoni huku akizungumza kwa redio na Al Powell, polisi aliye nje ambaye hajapata kumwona. Anamwomba amfikishie mkewe radhi zake. Stelingi anaaga, na mtazamaji aliyekuwa na uhakika anaanza kuingiwa na shaka.

Siri iko hapo. Tunaposhika roho, tunakuwa tunahesabu alichobakiza shujaa: risasi, pumzi, matumaini. Kila jeraha linapunguza njia za kutokea, na linamlazimu atumie akili pale misuli isipotosha. Hata tukijua atashinda, hatujui ushindi utamgharimu nini.

Somo lilienea. Jan de Bont, mpiga picha wa Die Hard, aliongoza Speed mwaka 1994, ambamo polisi na abiria wamenaswa ndani ya basi lenye bomu. James Bond, aliyeendesha gari lisiloonekana katika Die Another Day ya 2002, alirudi mwaka 2006 katika Casino Royale akiwa Daniel Craig, anayejiosha damu mbele ya kioo baada ya kupigana kwenye ngazi.

Waliolisahau ni wenye Die Hard wenyewe. Katika filamu ya nne, mwaka 2007, yuleyule aliyeogopa ndege ya abiria anarukia mgongo wa ndege ya kivita, kisha anaserereka hadi chini na kuendelea na safari. Kwa kumfanya asiumie, walimrudisha kwenye foleni ya wababe wa 1985, wale aliokuwa amewapokonya kazi.